Nusu Mbili za Stoo

Kitanda, makochi na kabati la vyombo vilikuwa vimeshapanda kwenye lori wakati Inspekta Barnabas Wasike aliposimamisha Land Rover ya polisi mbele yake na kuziba njia. Kuku walikuwa juu kabisa ndani ya tenga, wakilalamika. Dereva wa lori, mtu mnene aliyeitwa Mathenge, alitoa kichwa dirishani.

"Afande, hapo umenifungia. Nataka kufika Kangema kabla ya mvua. Ile barabara ikinyeshewa inakuwa uji."

"Zima injini," Wasike alisema. "Leo labda utafika, labda hutafika."

"Kwani nimebeba nini? Pombe ya chang'aa?"

"Hiyo ndiyo nataka kujua."

Konstebo Nderitu alicheka, kisha akaacha alipoona mkubwa wake hacheki.

Ilikuwa Machi, mwaka wa sabini na moja. Nyumba ilikuwa ya mbao, pale Skuta, Nyeri, na mpangaji wake, Mzee Gatimu, alikuwa amestaafu ukarani wa serikali na sasa anarudi kwao Kangema pamoja na mkewe, Warigia. Hakuna ubaya hapo. Wastaafu wote wanarudi kwao. Ubaya ulikuwa kwamba binti yao wa pekee, Wamucii, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini, hajaonekana tangu Agosti, na hakuna aliyetangaza kwamba amepotea. Halafu juzi jirani yao Murugi alikuja kituoni na kusema kwamba alimwona mzee peke yake kwenye mfereji wa nje, akifua gunia lenye damu.

Mkuu wa kituo alikuwa amesema maneno machache. "Wakihama, ushahidi unahama na wao. Ukipata kitu, lete huyo mzee alale ndani." Na kila mtu pale kituoni alijua kwamba mtu akipatikana na kosa la kuua, mwisho wake ni kamba.

Wasike alimkuta Gatimu sebuleni. Chumba kilikuwa kitupu, kimebaki kigoda kimoja na alama nyeupe ukutani pale kalenda ya kanisa ilipokuwa imening'inia. Mzee alikuwa mrefu, amevaa koti zito, kofia ameishika mkononi. Alikuwa mzee wa kanisa, na alisimama kama mtu anayengoja zamu yake ya kusoma somo.

"Wamucii yuko wapi, mzee?"

"Nairobi."

"Nairobi ni kubwa."

"Pumwani. Anafundisha."

"Shule gani?"

"Sikuuliza."

"Mtoto wako wa pekee, na hukuuliza?"

Gatimu aligeuza kofia akatazama ndani yake.

"Lile gunia ulilofua. Ile damu ilitoka wapi?"

"Nilijikata."

"Nionyeshe."

Mzee alinyoosha mikono yote miwili. Ilikuwa mikono mikubwa, safi, haina kovu hata moja jipya. "Ilipona," alisema.

Wasike akamtoa, akamwita mke. Warigia aliingia akijifuta mikono kwa leso. Alikuwa mfupi, mwepesi, na hakukaa kwenye kigoda alipoonyeshwa.

"Wamucii yuko wapi, mama?"

"Nakuru. Kwa dada yangu."

"Anafundisha huko?"

"Anapumzika."

"Mzee amesema Nairobi."

Warigia alifikiri kidogo. "Basi labda amehama. Watu si wanahama? Hata sisi, si unaona tunahama."

Wasike alitoka nje. Watu wawili waliokaa nyumba moja miaka thelathini, na hawajakubaliana hata uongo. Wauaji waliopanga jambo pamoja wangekuwa na jibu moja. Aliliweka hilo akilini, akaenda kwa lori.

"Mathenge, nani alikuambia upakie namna hii?"

"Ndiyo hata mimi nashangaa!" Dereva alishuka. "Magunia ya mahindi ndiyo yanakaa chini kwa lori, halafu makochi juu. Hata mtoto anajua. Nimeambia mzee tuanze na stoo, akakataa. Mama naye akakataa. Kila mtu ananiambia hiyo atapakia mwenyewe. Sasa mahindi nitaweka wapi, juu ya kochi? Kochi itakuwa chapati."

"Wote wawili walikataa?"

"Kila mtu kwa wakati wake. Mama akienda kuteka maji, mzee anakimbia kwa stoo. Mzee akisikia hatua ya mama, anatoka. Halafu mama naye anaingia. Mimi nafikiri wameficha dhahabu."

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba, imeinuliwa juu ya mawe upande mmoja, paa la mabati. Mlango wake ulikuwa mmoja, lakini ndani ukuta wa mbao uliigawa nusu mbili. Kushoto, juu ya sakafu ya mbao, kulikuwa na magunia, madebe na vyondo, vikapu vya kusuka, vya Warigia: ghala lake. Kulia, sakafu ilikuwa udongo, na kulikuwa na vyombo vya useremala vya Gatimu, majembe, gurudumu la baiskeli na sanduku la mbao lenye kufuli. Ufunguo wa kufuli hiyo ulikuwa umening'inia kwa kamba shingoni mwa mzee, ndani ya shati. Wasike alikuwa ameuona sebuleni.

"Tutaanza kushoto," alimwambia Nderitu. "Toa kila kitu, weka kwenye nyasi, kimoja kimoja."

Konstebo hakusogea. Alikuwa kijana wa Othaya, mtiifu, hajawahi kukataa amri.

"Afande, upande wa mzee naweza kutoa hata misumari. Lakini hapo kwa mama siwezi kuingiza mkono."

"Kwa nini?"

"Ghala ni ya mwanamke. Baba yangu, nyumba ni yake, shamba ni yake, lakini kwa ghala ya mama hajawahi kuingiza mkono, hata siku ya njaa. Ukifanya hivyo, wanawake watakusema mpaka uhame."

"Hata Mzee Gatimu hawezi?"

"Huyo ndiyo hawezi kabisa. Mtu wa zamani hivyo."

"Na si ni mtu wa kanisa?"

"Kanisa haikufika kwa ghala, afande."

Wasike alikuwa mtu wa Bungoma, angeweza kuingia na asiguswe na aibu hiyo. Hakuingia. Alimwita Warigia, akamwomba atoe vitu vyake mwenyewe, na yeye akasimama mlangoni kuangalia.

Mama alitoa taratibu. Mahindi ya kula. Mahindi ya mbegu, yamening'inizwa na maganda yake. Maharagwe yaliyochanganywa na majivu ili wadudu wasiingie. Viazi, kibuyu cha uji, vyondo viwili vipya ambavyo havijawahi kubeba kitu. Kila kitu kilikuwa kimejaa kwa kiasi chake, nyumba ya mtu mwangalifu. Kisha akasimama, akajipangusa, akasema, "Imeisha."

"Na yale madebe pale pembeni?"

"Hayo ni matupu."

"Yalete tu."

Aliyaleta moja moja, na sasa hakuwa mwepesi tena. Debe la kwanza lilikuwa tupu kweli. La pili lilikuwa na kitu kidogo chini, hakifiki robo. Wasike aliinama, akachota. Zilikuwa njahi, maharagwe meusi, kila moja na mstari wake mweupe.

Sauti ikatoka upande wa pili wa ua la miiba ya kaiyaba. Ilikuwa ya Murugi, na kwa jinsi ilivyokuja haraka, alikuwa amesimama pale muda mrefu.

"Ngai! Njahi yote imeenda wapi? Mwezi wa pili si tulipura mimi na wewe, Mama Wamucii, ikajaa debe mbili mpaka juu?"

"Tulikula," Warigia alisema.

"Nani? Nyinyi wawili? Wewe na Baba Wamucii hata mkiongeza meno ya kuazima hamwezi kumaliza hiyo."

"Murugi, ua ni ya kuzuia ng'ombe, na wewe imekushinda kukuzuia."

"Mimi niko kwa shamba yangu!"

"Basi lima."

Wasike alikuwa bado ameshika njahi mkononi. Aliijua vizuri. Mwaka wa sitini na tisa mke wake, Phelister, alijifungua mtoto wao wa pili hapa Nyeri, na wanawake wa karibu na laini, nyumba za polisi, walileta sufuria za njahi kila siku, bila kuulizwa, wakisema ni ya kuleta maziwa. Walileta mpaka Phelister akasema akiiona tena atarudi Bungoma kwa miguu. Katika nyumba za huku, njahi inaliwa siku yoyote. Lakini ikiisha ghafla hivi, debe baada ya debe, kuna mwanamke amezaa.

Alirudisha njahi kwenye debe.

"Sasa kulia," alisema.

Gatimu alikuja akasimama karibu. Nderitu alitoa majembe, misumeno, gurudumu la baiskeli, mbao za akiba. Nyuma ya mbao kulikuwa na gunia la katani limekunjwa. Lilikuwa limefuliwa, lakini katani haisahau damu upesi. Lilikuwa na mabaka ya hudhurungi. Wasike alilikunjua kwenye mwanga. Aliligeuza, akalinusa, akapitisha kucha kati ya nyuzi. Hakuonyesha mtu alichokipata. Alilikunja tena.

"Afande," Nderitu aliita kutoka ndani. Sauti ilikuwa imebadilika. "Hapa udongo ni laini. Kumechimbwa."

Neno hilo lilitembea haraka. Mathenge aliacha lori lake. Murugi hakuona tena haja ya kujificha, akapita kwenye mwanya wa ua na kuja akiwa ameshika mdomo. Wapakiaji wawili waliweka chini meza waliyokuwa wamebeba.

"Chimba," Wasike alisema.

Nderitu alichimba. Jembe la kwanza, la pili, la tatu, kisha likagonga kitu kigumu na likatoa sauti kavu. Sauti ya mfupa. Murugi alianza kulia kwa nguvu, "Uui, msichana wetu, uui, mwalimu wetu!" Mathenge alivua kofia.

Wasike hakuangalia shimo. Aliangalia nyuso mbili.

Mzee Gatimu hakuwa anatazama shimo pia. Alikuwa anamtazama mkewe, na uso wake ulikuwa kama wa mvulana aliyekamatwa. Na Warigia, mama wa binti aliyepotea, huku mfupa ukitolewa ardhini hatua chache kutoka kwake, alikuwa amekunja uso tu, mikono kiunoni, kama mtu anayetaka kujua ni nani amemchafulia stoo.

Wakati huo Wasike alipumua. Mama huyo hakuogopa kwa sababu alijua binti yake hayuko shimoni. Na mtu anaweza kujua hivyo kwa njia moja, amemwona kwa macho.

"Toa," alisema.

Nderitu alivuta, akatoa pembe. Pembe iliyojikunja, na kichwa chake, na nyuma yake mifupa ya miguu iliyofungwa kwa majani ya mgomba.

Murugi aliacha kulia katikati ya neno.

"Mbuzi?" Mathenge aliuliza. "Afande, umenizibia barabara kwa sababu ya mbuzi?"

"Ni kondoo dume," Nderitu alisema. "Huoni pembe?"

"Kondoo ndiyo inazikwa ndani ya stoo?" Warigia alimgeukia mumewe. "Wewe si uliniambia ile harufu ni panya?"

Wasike aliwarudisha watu kwenye lori, Murugi akamrudisha ng'ambo ya ua, Warigia akamwomba aende akafunge magunia yake. Akabaki na mzee.

"Ile sanduku, mzee."

"Hiyo ni vyombo vya kazi."

"Nikitoka hapa bila kuiona, natoka na wewe."

Gatimu alitoa kamba shingoni, akampa ufunguo. Juu kulikuwa na randa, patasi na misumari. Chini, kwenye fulana safi, kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo. Wasike alifungua kifuniko. Lilikuwa limejaa mafuta ya kondoo, meupe, yaliyochujwa vizuri kabisa, kazi ya mtu mwenye subira. Chini ya kopo kulikuwa na blanketi dogo jeupe la mtoto mchanga, bado lina pini ya duka.

"Hii ni ya nani?"

"Nilinunua."

"Naona ulinunua. Ni ya nani?"

"Inspekta," Gatimu alisema kwa sauti ya chini, akitupa macho kule Warigia alipokuwa, "nipeleke kituoni. Nitasema huko. Hapa siwezi."

"Afadhali ulale ndani kuliko useme mbele ya mke wako?"

"Ndiyo."

Wasike alifunga sanduku. Alimwita Nderitu mpaka nyuma ya lori.

"Nderitu, nani alitoa njahi?"

"Mama. Hakuna mwingine anaweza."

"Na mafuta yamefungwa na ufunguo ulio shingoni mwa nani?"

"Mzee."

"Gunia nalo liko na sufu ya kondoo kwenye nyuzi, na mafuta. Alibebea nyama humo. Sasa niambie, mwanamke akizaa huku kwenu, analetewa nini?"

Konstebo alianza kuhesabu kwa vidole. "Njahi," alisema. "Na kondoo anachinjwa. Na mafuta yake." Kisha akashika kichwa. "Afande! Wamucii amezaa!"

"Punguza sauti. Amezaa, na ni wawili wanamlisha. Mmoja kutoka kushoto, mmoja kutoka kulia. Stoo ni moja, mlango ni mmoja, na kila mtu anafikiri ni yeye peke yake."

"Kwa nini wasiambiane?"

"Hilo tutauliza."

"Tuwachukue kituoni, kila mtu achukuliwe maneno peke yake?"

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Wasike alitazama lori, na kuku waliokuwa juu, na mawingu yaliyoshuka mpaka yakafunika mlima wote.

"Tukifanya hivyo faili itafungwa leo," alisema. "Halafu wataenda Kangema wakiwa hivi hivi. Mama hatapata tena sababu ya kuja huku, mzee hatapata. Na yule msichana atabaki na mtoto mchanga bila mtu, akifikiri wamechoka na yeye. Hapana. Lete debe lile."

Aliliweka debe la njahi kwenye nyasi. Kando yake akaweka kopo la Kimbo, na juu ya kopo lile blanketi. Kisha akawaita wote wawili.

Warigia alifika wa kwanza. Aliona blanketi. Alichuchumaa, akafungua kopo, akanusa.

"Baba Wamucii. Hii mafuta ni ya nani?"

"Na hiyo njahi ilienda kwa nani?"

"Nimeuliza kwanza."

"Wewe si uliambia Inspekta ati Nakuru?"

"Na wewe ukasema Nairobi." Alisimama. "Uliita wazee wa kanisa kwa nyumba yangu. Ukasema mbele yao, mtoto wetu akiwa amepiga magoti na mimba yake, kwamba asikanyage tena hapa na jina lake lisitajwe. Ulisema ama hukusema?"

"Nilisema."

"Mimi nikanyamaza."

"Ulinyamaza." Mzee aliikunja kofia. "Nilikungoja useme kitu. Ungesema hata neno moja ningesimama hapo. Ukanyamaza, nikajua umekubali. Sasa ningerudi nyuma namna gani, na hata mama yake amekubali?"

"Nilikubali? Mimi nilikuwa nakuogopa, mjinga wewe!"

Nderitu aligeuka akatazama mabati. Hapo Skuta hakuna mtu aliyewahi kusikia mzee wa kanisa akiitwa mjinga na mkewe, tena mchana, mbele ya polisi.

"Ndiyo," Gatimu alisema.

"Mwezi mzima napika njahi kwa Murugi, nasema jikoni yangu iko na moshi!"

"Ndiyo maana Murugi aliuliza nani amezila," Wasike alisema. "Wamucii yuko wapi?"

"Gatitu," walisema wote, na wakatazamana.

"Wewe unaenda lini?" Warigia aliuliza.

"Nikisema naenda kutembelea wagonjwa."

"Ati wagonjwa! Nilikuwa nashangaa kanisa yote imekuwa wagonjwa mwaka huu. Mimi naenda siku ya soko."

"Ndiyo maana ulikuwa unarudi bila chumvi."

Alicheka, Warigia, kidogo tu, na kicheko kikageuka kuwa kilio, akashika leso machoni. "Umemwona mtoto?"

"Sijaingia. Naachia yule mama wa nyumba mlangoni, narudi. Nilisema mbele ya watu kwamba mimi na yeye tumemalizana."

"Hujamwona hata siku moja? Hujui kama ni msichana ama kijana?"

"Sijui. Na usiniambie."

Walienda Gatitu kwa Land Rover. Lori lilifuata nyuma, kwa sababu Mathenge alisema hawezi kubaki na kuku wa watu, na pia, nadhani, kwa sababu alitaka kuona mwisho. Nyumba ilikuwa safu ya vyumba vya mawe karibu na maduka. Mwenye chumba alikuwa Benter, mkunga kutoka upande wa Ziwa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Alifungua mlango, akaona polisi, akataka kuufunga; kisha akaona wale wawili wamesimama pamoja.

"Wuoi! Leo mmekuja pamoja? Asante Mungu. Mimi nimechoka. Mama akija naapa sitamwambia baba, baba akija naapa sitamwambia mama. Siku moja mlikaribia kukutana, mzee alikuwa kwa mlango na mama yuko kwa jikoni, nikaimba wimbo wa kanisa kwa nguvu mpaka majirani wakafikiri nimeokoka."

"Tunataka kumwona Wamucii," Wasike alisema.

"Amelala?" Warigia aliuliza.

"Na hizi kelele zenu?"

Wamucii alikuwa amekaa kitandani, shali mabegani, mtoto kifuani. Alikuwa mwembamba usoni lakini hakuwa mgonjwa. Wasike alivua kofia. Kulikuwa na kazi, na aliimaliza kwanza.

"Jina lako?"

"Wamucii wa Gatimu."

"Kuna mtu amekuzuia hapa kwa nguvu?"

"Hapana. Nilikuja mwenyewe. Benter alinijua hospitali, akanichukua."

"Kuna mtu alikupiga ama kukutisha?"

"Hapana."

"Unajua wazazi wako wanahama leo?"

"Mama aliniambia." Alishika mtoto karibu zaidi. "Nilijua hawatakuja tena."

"Baba yako yuko mlangoni. Unamwogopa?"

Alitazama mlangoni. "Simwogopi. Sijui atasema nini, ndiyo tu."

Mzee Gatimu alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, blanketi kwapani. Wamucii lilikuwa jina la mama yake mzazi, na kwa hivyo tangu binti azaliwe alikuwa akimwita maitu, yaani mama yangu, kama wanavyofanya watu wao. Hakuwa amemwita hivyo tangu Agosti.

"Maitu," alisema. "Naweza kuingia?"

"Ingia, baba."

Aliingia. Chumba kilikuwa kidogo, na yeye alikuwa mtu mkubwa, ikabidi Benter apande juu ya kigoda ili mzee apite. Alifika kitandani akainama, akatoa pini ya duka kwenye blanketi, akalifunika juu ya mtoto.

"Ni kijana," Warigia alisema, ikamponyoka.

"Nilisema usiniambie."

"Imenishinda."

"Anaitwa nani?" Gatimu aliuliza.

Nderitu alitazama viatu vyake, kwa maana alijua, kama kila mtu wa kwao alivyojua. Mtoto ambaye baba yake hajajitokeza huchukua majina ya upande wa mama, na mvulana wa kwanza huitwa kwa jina la baba ya mama. Lakini binti aliyefukuzwa ana ruhusa ya kutafuta jina lolote, la mtakatifu au la rafiki, na hakuna atakayemlaumu. Mzee naye alijua hivyo. Alikuwa ameuliza akiwa ameinamisha kichwa, tayari kusikia jina la mtu mwingine.

"Anaitwa Gatimu," Wamucii alisema. "Nilimpa siku ile ile alizaliwa."

Mzee aliketi pale pale ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa. Aliweka uso kwenye kofia yake. Warigia alimwekea mkono mgongoni, na hakuna aliyesema kitu, isipokuwa mtoto, aliyekuwa ametolewa kwenye ziwa na hakufurahi.

"Mpe," Benter alisema. "Mpe abebe. Huyu mzee nimemwona akisimama hapo mlangoni kama mtu wa posta wiki nyingi sana."

Wasike alitoka nje. Mvua ilikuwa imeanza. Aliandika kwamba Wamucii wa Gatimu ameonekana akiwa hai na mzima, hakuna kosa, akatia sahihi. Mathenge alimuuliza kupitia dirisha la lori kama sasa anaweza kuondoka, na Wasike akamwambia angoje, kuna watu watakaopanda mbele.

Faili lilifungwa wiki hiyo. Lori lilikwama kabla ya kufika na likalala njiani. Vitu vyote vilifika salama isipokuwa kochi moja. Wamucii na mtoto walipanda mbele pamoja na mama yake, na mzee alikaa nyuma chini ya turubai. Wamucii alifundisha Kangema kwa miaka ishirini na miwili na hakuolewa. Baba ya mtoto, mwalimu mwenzake, alihamia pwani na hakutuma habari. Mzee Gatimu alisimama kanisani Kangema na kueleza aliyoyafanya. Waliondoa jina lake katika wazee wa kanisa na hawakulirudisha, naye hakuliomba. Alifariki mwaka wa sabini na tisa. Warigia aliishi mpaka mwaka wa themanini na sita. Benter alihamishwa Homa Bay, akastaafu, akafungua duka la dawa. Murugi aliendelea kupeleka habari za majirani kituoni, na mara moja alikuwa na ukweli. Nderitu alipanda mpaka sajenti, akauawa na majambazi upande wa Garissa. Yule mtoto ni fundi wa matrekta Thika, ana watoto wanne. Wasike alihamishwa Nakuru mwaka wa sabini na mbili, akastaafu mapema kwa ajili ya macho, akarudi Bungoma kulima miwa.